Presha ya wazee na video za simuni: maswali yenu

Mama yangu ana miaka 68. Ametumiwa video WhatsApp kwamba kitunguu saumu kinamaliza presha, sasa ameacha vidonge. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

Mpeleke kliniki apimwe na arudishwe kwenye dawa. Presha mara nyingi haiumi, ndiyo maana mgonjwa hudhani amepona. Kitunguu saumu ale tu kwenye mchuzi, ila hakishiki nafasi ya kidonge. Tafadhali usimgombeze. Mtafutie video ya daktari au muuguzi anayeongea Kiswahili cha kawaida, mtazame pamoja, kisha umuulize, "Mama, hapa amesemaje?" Zile zinazoishia na namba ya kuagizia dawa, zifute.

Tumenunua mashine, lakini kila tukimpima babu inasoma tofauti. Video zitasaidia? (Tanga)

Sana, maana kupima ni jambo la kuona kwa macho. Tafuta inayoonyesha mwili mzima wa anayepimwa, uisimamishe kila hatua mkiifuata. Babu akojoe kwanza, na nusu saa kabla asinywe kahawa wala kuvuta sigara. Akae dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo. Mkanda wa mashine ukae kwenye ngozi, si juu ya shati, na umtoshe: ukiwa mdogo, namba hupanda bure. Wakati wa kupima asizungumze, nanyi msimsemeshe (hapa ndipo wengi hukosea, wajukuu wamejaa wanauliza, "Ngapi? Ngapi?"). Pimeni mara mbili, mkipumzika dakika 1 katikati, na namba zote ziandikwe daftarini aende nazo kliniki.

Baba ameona video inasema dawa za presha zinaua figo. Na kweli miguu inamvimba. (Dodoma)

Presha isiyodhibitiwa ndiyo inayoharibu figo. Kuhusu miguu, amlodipini, mojawapo ya dawa za presha, huweza kuivimbisha, ingawa zipo sababu nyingine. Amwambie daktari, dawa inaweza kubadilishwa. Asiache mwenyewe.

Bibi haongezi chumvi mezani, mbona presha haishuki?

Angalieni ng'onda, magadi kwenye makande na viungo vya pakiti. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani isizidi kijiko kimoja cha chai, vyakula vyote pamoja.

Presha ikimzidia usiku, nitazame video gani?

Akilegea upande mmoja, mdomo ukipinda, akishindwa kuongea au kifua kikimbana, usitafute video. Tafuta usafiri, hospitali saa hiyohiyo.