Chakula cha jioni cha wawili nyumbani

Ndugu yangu, umeuliza namna ya kumwandalia mwenzi wako chakula cha jioni chenye mahaba hapo nyumbani, na unahofia kwamba wewe si mpishi hodari. Hofu hiyo iweke kando, kwa kuwa mwenzako atakumbuka zaidi namna ulivyokaa naye kuliko idadi ya vyakula ulivyopanga mezani.

Anza kwa kuchagua dhamira moja inayowahusu ninyi wawili, kwa mfano siku mliyokutana, kisha kitambaa cha meza, muziki na chakula vifuate dhamira hiyo. Pika chakula ambacho umekwisha kukipika angalau mara 2, maana usiku huo si wa kujaribia mapishi mapya. Supu na kitindamlo baridi vitayarishe mapema. Ukichoma kipande kinene cha nyama, kiache kitulie kwa dakika 5 hadi 10 kabla ya kukikata ili kisimwage maji yake yote kwenye sahani. Muda huo unakutosha kunawa uso na kubadili nguo.

Kuhusu mwanga, ambao kwangu ndio unaobeba nusu ya shughuli, zima taa ya darini na uwashe mishumaa mifupi isiyo na manukato, kwa sababu harufu kali hushindana na ya chakula, na mshumaa mrefu huwafanya mchunguliane pembeni ya mwali wake badala ya kutazamana. Iweke mbali na pazia. Keti karibu naye, kwenye pembe ya meza, simu zikiwa chumba kingine, na vyombo viacheni hadi asubuhi.