Mapishi ya zamani: anza na maandishi ya penseli

Kitabu changu cha kwanza cha mapishi ya zamani nilikinunua soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili moja, juu ya turubai lililojaa vifuniko vya sufuria na redio zisizo na betri. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo. Vipimo vyake ni vya aunsi na painti, moto wake wa Farenhaiti, kwa hiyo nikajua ni cha Kiingereza cha enzi hizo. Nililipa shilingi 150, nikapanda matatu kurudi Nakuru nikijiona nimeokota almasi.

Keki ya kwanza niliyoipika kutoka humo ilipanda vizuri, ikafika ukingoni mwa sufuria, kisha ikadidimia katikati kama kaburi la zamani. Ya pili vivyo hivyo. Nilikuwa nimeanza kulaumu unga nilipousogeza ule ukurasa dirishani, nikaona penseli iliyofifia pembeni: "beking pauda punguza". Mwenye kitabu alikuwa ametumbukia shimo hilohilo kabla yangu, akaniwekea alama, nami nikaipita.

Kwa hiyo wewe unayeanza kupika kwa vitabu vya zamani, kabla hujasoma kilichopigwa chapa, soma madoa. Ukurasa wenye alama za mafuta na unga uliogandiana ndio uliolisha watu. Ukurasa safi katika kitabu kilichochakaa mimi huutilia shaka. Mara nyingi ni wa mapishi ya kujionyesha, ambayo hata mwenye kitabu hakuthubutu kuyapika.

Ile penseli ilikuwa na sababu. Vitabu vingi vya namna hii viliandikwa na watu waliopika karibu na usawa wa bahari. Nakuru iko kama mita 1,850 juu. Hewa huku ni nyepesi, gesi ya beking pauda inatanuka kwa pupa, keki inapanda kabla haijashika, halafu inaanguka. Kwa kila kijiko cha chai cha beking pauda mimi hupunguza karibu robo, naongeza maziwa vijiko viwili vitatu, na sukari naipunguza kidogo. Maji nayo yanachemka mapema: hapa Nakuru kwenye nyuzi 94 hivi, Kisumu kama 96, wala si 100. Kitabu kikikuambia maharage yataiva kwa saa moja, ongeza makaa na utafute kazi nyingine ya kufanya.

Vipimo visikutishe. Ratili moja ni gramu 454, aunsi moja gramu 28. Painti ndiyo yenye mtego: ya Uingereza ni mililita 568, ya Marekani 473, na kitabu hakikuambii ni ipi, maana aliyekiandika hakuwaza kwamba siku moja kitasomwa Nakuru. Tafuta ishara nyingine. Kikipima unga kwa vikombe, yaelekea ni cha Mmarekani. Kikiupima kwa aunsi, ni cha Mwingereza. Nunua mizani ndogo ya jikoni hata kabla ya kununua kitabu cha pili. Mimi nilihangaika mwaka mzima nikigawa gorogoro, ule mkebe wa kupimia unga, kwa macho.

Kuhusu oveni, usikate tamaa kama huna. "Moto wa wastani" wa vitabu hivyo ni nyuzi 180 za Selsiasi. Mimi bado natumia sufuria kubwa yenye mchanga, sufuria ndogo ndani yake, na makaa juu ya kifuniko. Kuupima moto, nyunyizia unga kidogo kwenye kisahani cha bati ukiingize ndani: ukigeuka rangi ya kahawia hafifu kwa muda wa dakika tano hivi, anza kuoka, ukiwa mweusi, toa makaa.

Sasa mapishi yasiyo na kitabu, ambayo kwangu ndiyo hazina hasa. Nilimfuata kukhu, yaani nyanya kwa Kiluhya, huko Kakamega kuandika jinsi anavyopika mrenda kwa munyu, ile chumvi ya majivu. Alichoma maganda makavu ya maharagwe, majivu akayatia kwenye mkebe uliotobolewa chini, akamimina maji, yakaanza kudondoka tone kwa tone, rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Mimi nimeketi na daftari na mizani yangu.

"Kukhu, unaweka kiasi gani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa uzito wa salamu. Akachovya kidole, akalamba, akaongeza maji kidogo, akalamba tena, ndipo akamimina. Nilimwomba arudie kumimina kwenye kijiko changu, nikaandika: vijiko vikubwa 2 kwa sufuria ya watu sita. Nikarudi Nakuru nimeridhika.

Nilipotengeneza munyu wangu, majivu yalikuwa mengi na maji machache. Vijiko 2 vilevile vikageuza mboga kuwa uji mkali wa kijani uliotuchoma ndimi. Nilikuwa nimeandika kipimo nikaacha kidole, na kidole ndicho kilichokuwa kikipima. Siku hizi, nikikaa na mzee, naandika vitu viwili kwa kila hatua: gramu zake, na anachokiangalia, anachokinusa au anachokionja kabla ya kuendelea. Na usimkatize kila dakika na mizani yako. Mwache apike mara ya kwanza kwa raha zake, wewe menya vitunguu. Mara ya pili ndipo upime.

Jambo lingine linalowashinda wengi ni viungo vilivyobadilika huku jina limebaki. Jirani yangu mmoja, mama wa Kisumu, aliniazima daftari la mama yake lenye mapishi ya samaki aitwaye ngege. Ngege wa asili wa Ziwa Victoria ni nadra sana sasa. Sato wa Mto Nile na mbuta, yaani sangara, waliingizwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 mbuta ndiye aliyetawala. Anayeuzwa sokoni leo kwa jina la ngege kwa kawaida ni huyo sato. Ukimchemsha, tofauti si ya kukukosesha usingizi. Lakini kwenye kukausha, angalia. Obambla ni samaki aliyepasuliwa akaanikwa juani. Nilijaribu kwa minofu ya mbuta kwa sababu ilikuwa imebaki, na siku ya tatu nyumba nzima ilinilaani. Mbuta ana mafuta mengi mno. Huyo hukaushwa kwa moshi au hukaangwa.

Kuna ukurasa mmoja usioupika hata kama una madoa mengi namna gani: ule wa kuhifadhi mboga au nyama kwenye chupa kwa kuzichemsha tu ndani ya maji. Vijidudu vya botulismu vinastahimili maji yanayochemka, na kuviua katika vyakula hivyo kunahitaji nyuzi 121, joto lisilopatikana bila presha. Maji yetu hata 100 hayafiki. Jamu na achari ya siki endelea nazo; maharagwe ya kijani ya chupa yaache kitabuni.

Utunzaji hauna mengi. Usibandike selotepu, inakula karatasi. Piga picha kila ukurasa kwa simu kabla hujaupeleka jikoni, na kitabu kiache sebuleni.

Na uandike pembeni, kwa penseli. Chini ya ule mwandiko uliofifia nimeongeza wangu: "Nakuru, sufuria ya mchanga, robo imepunguzwa, dakika 50, imekubali." Juzi niliangalia ukurasa wa skonzi, nikakuta yule wa kwanza ameandika neno moja tu: "ngumu". Unga nimeshapima.