Kabla hujaisingizia kompaila

Jumatatu kijana wetu mpya aliingia ofisini uso unang'aa. Usiku mmoja tu, faza imemletea faili 214 zinazoangusha kompaila, ile programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa. (Faza ni jina letu la mashine ya fazingi, yaani kuilisha programu vitu vya kubahatisha ili tuone kama itaanguka; wageni hudhani tunamsema padri.) Akafungua tiketi 214. Kufikia saa nne nilikuwa nimepitia thelathini, zote zimekufa kwenye assert (ukaguzi wa ndani) ileile ya kichanganuzi, sehemu ya kompaila inayosoma sintaksia. Bagi moja, kanzu 214. Sikumgombeza, maana mimi nilifanya makubwa kuliko hayo. Lakini jamani wadogo zangu, kila mwaka?

1. Panga maanguko kwa fremu tatu za juu za staki (orodha ya funksheni zilizokuwa zinaitana programu ilipoanguka) kabla hujagusa tiketi.

2. Hifadhi mbegu ya jenereta (namba inayoanzishia ubahatishaji) pamoja na namba ya komiti (badiliko la msimbo lililohifadhiwa). Usipohifadhi, utaisimulia bagi yako kama mtu aliyekutana na jini njiani.

3. Baiti za ovyo hazifiki mbali. Enzi za Barton Miller na wanafunzi wake pale Wisconsin, mwishoni mwa miaka ya 1980, herufi za ovyo peke yake ziliangusha robo hadi theluthi ya programu za Unix walizojaribu. Leo ukiilisha kompaila takataka, inakujibu kwamba sintaksia ni mbovu, basi. Optimaiza huko ndani, sehemu inayoharakisha msimbo, haijui hata kama kulikuwa na mtu mlangoni. Ndiyo maana tunatumia Csmith, ya Chuo Kikuu cha Utah: inatunga programu halali za C, unazikompaili kwa -O0 (bila optimaiza) na -O2 (pamoja nayo), kisha unalinganisha cheksamu, namba inayofupisha matokeo. Walipochapisha makala yao mwaka 2011 walikuwa wameripoti bagi zaidi ya 325 kwa wenye kompaila. Siri yao ni kwamba programu hizo zimelindwa zisiwe na tabia isiyofafanuliwa, yaani jambo ambalo kanuni za C hazisemi matokeo yake.

4. Ulinzi huo mimi niliuzima.

Mwaka wangu wa pili kazini niliona msimbo wa Csmith unachukiza macho: kila kujumlisha kumevishwa funksheni ya kukagua kama namba itafurika. Nikaweka --no-safe-math. Msimbo ukawa safi, na usiku uleule cheksamu zikatofautiana. Nilifurahi kama niliyeokota pochi. Nikaikabidhi C-Reduce, chombo cha kufupisha programu huku tatizo likibaki; asubuhi nikakuta mistari karibu elfu mbili imebaki sita, na kiini chake hiki:

return x + 1 > x;

huku x ikiwa 2147483647, kikomo cha juu cha int. Kwa -O0 inatoa 0, kwa -O2 inatoa 1. Ushahidi gani tena nautaka? Wiki iliyotangulia kaka mmoja wa timu ya optimaiza alikuwa ameingiza pasi (hatua ya optimaiza) mpya ya kurahisisha ulinganishaji. Nikamtaja mbele ya timu nzima, kwamba pasi yake inaharibu hesabu, na toleo linatoka Jumatatu. Hakubisha. Ijumaa jioni akairudisha nyuma komiti yake, wikiendi nzima akakesha akiitafuta kasoro. Nilikuja kusikia baadaye kwamba Jumamosi ile ilikuwa sendofu ya mdogo wake, na hakwenda.

Jumatatu mchana, toleo likiwa limeshatoka bila pasi yake, akaniandikia mstari mmoja: "Mdogo wangu, hebu iendeshe na -fsanitize=undefined."

Nikaiendesha. Sanitaiza, mkaguzi anayenasa tabia isiyofafanuliwa programu ikiendeshwa, ikalalamika hapohapo: namba yenye alama (inayoweza kuwa hasi) imefurika. Kwenye C hilo halina ufafanuzi, na kompaila ina ruhusa ya kuamini kwamba halitatokea kamwe. Kwa imani hiyo x + 1 ni kubwa kuliko x daima, kwa hiyo jibu 1 halina kosa lolote. Pasi ilikuwa sahihi. Mwenye kosa alikuwa programu yangu, na niliyeizimia ulinzi ni mimi. Nilimwomba radhi kwenye kikao kilekile nilichomtuhumia. Akacheka, akasema yameisha. Yasingeniuma hivi kama angenifokea.

Na msiilaumu C-Reduce. Inafanya unachoiuliza, na skripti yangu iliuliza swali moja tu: je, majibu yanatofautiana? Hata kama mwanzoni ungekuwa na bagi ya kweli, ukiuliza hivyo itakatakata mpaka ikuletee ufurikaji au kigeu kisichopewa thamani, maana huko ndiko mteremko. Skripti ianze na sanitaiza, ikatae onyo lolote la kigeu kitupu, ndipo ilinganishe.

5. Usiiweke faza langoni pa CI, mfumo unaokagua kila komiti wenyewe. Kila komiti ipite kwenye faili za bagi za zamani tu; uwindaji wa mapya ufanyike usiku. La sivyo mtu atakwamishwa na bagi ya mwaka juzi wakati yeye amerekebisha herufi moja kwenye maelezo.

6. Taimauti. Programu nyingine za jenereta hazina mpango wa kumaliza. Sekunde kumi, ua, endelea.

Nikiwa naandika haya, kijana wa tiketi 214 amenitumia faili nyingine: "Bro, hii sasa ni optimaiza kabisa, nina uhakika." Nimemuuliza sanitaiza imesemaje. Naona anaandika. Ameacha. Anaandika tena.