Unapochagua mafunzo ya ubobezi wa upasuaji, uliza nani hafiki mezani

Kila msimu wa maombi ukikaribia, madaktari bingwa vijana wanaotaka ubobezi, yaani mafunzo ya juu zaidi ya ubingwa, hunipigia simu na swali ni lilelile: nikabobee wapi? Wanataka kujua hospitali ipi ina mitambo ya kisasa, ipi ina profesa mwenye jina, ipi inafanya upasuaji wa matundu madogo kwa wingi. Ni maswali ya msingi. Mkono wa daktari wa upasuaji hunolewa na kazi, na pasipo kazi ya kutosha hakuna ubobezi. Lakini nimepitia mafunzo hayo na sasa nawafundisha wengine, na kuna swali ambalo ningeliuliza kabla ya hayo yote: katika hospitali hiyo, ni mgonjwa gani hafiki kwenye meza ya upasuaji, na nani anahangaika ili afike?

Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilikadiria kuwa watu bilioni 5 hawapati huduma ya upasuaji na dawa ya usingizi iliyo salama, kwa wakati na kwa gharama wanayoimudu. Ilikadiria pia kwamba kila mwaka watu milioni 33 huyumba kiuchumi kwa kulipia upasuaji, na wengine milioni 48 huyumbishwa na gharama zisizo za matibabu, yaani nauli, malazi na chakula. Tafakari hapo. Safari ya kuja hospitali inaumiza watu wengi kuliko ankara yenyewe, na hakuna hata siku moja niliyofundishwa hilo darasani.

Nilijifunza kwenye daftari la upasuaji ulioahirishwa. Kila hospitali inalo, liwe la karatasi au la kompyuta, na kwa kawaida halisomwi na mtu. Wanafunzi wangu nawataka walisome kila wiki. Safu ya sababu huwa na maneno mafupi: hakuna damu, ratiba imejaa, presha iko juu, mgonjwa hakufika. Hilo la mwisho ndilo ninalowaambia walifuatilie kwa simu, wao wenyewe, si muuguzi. Mama mmoja aliyeandikiwa hakufika alikuwa amefika. Alikaa kwenye benchi la mapokezi tangu alfajiri, hajala wala kunywa, akisubiri kuitwa, maana tangazo lilitolewa kwa lugha asiyoielewa na hakutaka kusumbua watu. Jioni akarudi kwao na uvimbe wake tumboni. Kwenye kumbukumbu zetu akabaki kuwa mgonjwa asiyejali.

Daktari aliyewahi kupiga simu ya namna hiyo hasemi tena kirahisi kwamba wagonjwa fulani "hawazingatii miadi". Anauliza kama kulikuwa na mkalimani, anauliza watoto aliwaachia nani, na orodha ya kesho anaipanga hivi kwamba anayetoka mbali asiwekwe mwisho, mahali ambapo ratiba ikichelewa ndiye wa kwanza kuondolewa. Mambo haya hayahitaji bajeti. Yanahitaji mtu mwenye mamlaka ya kugusa orodha.

Wakati mwingine dhuluma hukaa mbali zaidi, ndani ya hesabu. Nchini Marekani, kwa miaka mingi fomula za kukadiria utendaji wa figo zilimwongezea mgonjwa Mweusi kiwango kwa sababu ya rangi yake tu. Ile ya mwaka 2009 iliongeza karibu asilimia 16. Kwenye karatasi figo zake zilionekana nzima kuliko zilivyokuwa. Na kwa kuwa mtu mzima ambaye hajaanza kusafishwa damu huanza kuhesabiwa muda wa kusubiri figo ya kupandikizwa pale kipimo hicho cha utendaji kinaposhuka hadi 20, wapo waliochelewa kuhesabiwa. Fomula isiyotumia rangi ilitolewa mwaka 2021, na kuanzia Januari 2023 vituo vya upandikizaji viliagizwa kupitia majalada ya wagonjwa Weusi waliokuwa kwenye foleni na kuwarekebishia muda wao. Kisu hakikukosea popote. Mgonjwa alidhulumiwa kabla hajakutana na daktari wa upasuaji, na ndiyo maana nasema anayesomea upandikizaji bila kufundishwa namna foleni inavyoundwa amefundishwa nusu ya kazi.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza kuliko yote. Wanafunzi wa ubobezi wanajifunzia kwa nani? Mahali pamoja nilikopita, mgonjwa wa wodi ya kulipia alipasuliwa na bingwa mwandamizi, na wa wodi ya kawaida aliachiwa sisi tuliokuwa mafunzoni, mara nyingine mwalimu akiwa ofisini kwake. Upasuaji uleule, usimamizi tofauti. Tuliambiwa tushukuru kwa kupata nafasi ya kushika kisu. Sikukubaliana nalo wakati ule na sikubaliani nalo leo. Kujifunza lazima, lakini mzigo wa mafunzo haupaswi kubebwa na maskini peke yao. Wagonjwa wote wahudumiwe na timu moja, yenye mwalimu na mwanafunzi, na mwalimu awepo chumbani katika hatua zote za hatari bila kujali nani analipa.

Na mgonjwa aambiwe. Unapochukua ridhaa, sema wazi: "Mimi ni daktari bingwa, niko kwenye mafunzo ya ubobezi. Nitashiriki katika upasuaji wako, na mwalimu wangu atakuwa pamoja nami." Kisha mwambie ni sehemu ipi utaifanya wewe. Wengi hukubali. Anayekataa ana haki yake, na usimkunjie uso.

Kwa hiyo ukienda kwenye usaili, usitoke kabla ya kuuliza haya. Kikao cha kujadili vifo na madhara kinatenganisha matokeo kwa bima, lugha na umbali anakotoka mgonjwa, au yanajumlishwa yote pamoja? Mwanafunzi anapangiwa kliniki katika hospitali ndogo za mfumo huo, au muda wote anabaki makao makuu huku rufaa zikimfuata? Je, kuna muda uliotengwa rasmi kwa kazi ya kufuatilia foleni, au inafanywa usiku na mwenye moyo? Nimeona programu zenye kurasa nzuri sana kuhusu usawa, na zikiulizwa hili la muda zinakosa jibu.

Mwisho, omba mawasiliano ya waliohitimu karibuni, uongee nao bila viongozi kuwepo. Waulize wanafanya kazi wapi sasa, ni upasuaji upi wanaweza kuufanya bila mwalimu, na walijifunzia kwa wagonjwa wa wodi ipi.