Rais kutoka ughaibuni: mfano wa Somalia

Je, mtu aliyeishi ughaibuni anaweza kurudi kuongoza nchi yake vizuri? Anaweza, ila nusunusu. Farmaajo alikuwa mtumishi wa idara ya uchukuzi ya jimbo la New York, pale Buffalo, kabla ya kuchaguliwa rais wa Somalia 2017. Upande wa hesabu za serikali alifanya kazi: Machi 2020 IMF na Benki ya Dunia wakaifungulia nchi mlango wa kusamehewa madeni (tuseme kweli, safari hiyo ilianza kabla yake). Siasa za koo ndizo zilizomshinda. Muda wake uliisha Februari 2021, Aprili wabunge wakamwongezea miaka miwili, risasi zikalia Mogadishu, akalazimika kurudi nyuma. Mei 2022 akaangushwa kwenye uchaguzi na Hassan Sheikh, aliyebaki Somalia miaka ya vita.