Malisho ya mchangani: usidanganywe na kijani

Ukipata kazi ya ng'ombe kwenye Sandhills za Nebraska, Marekani, kama nilivyopata mimi, jifunze majani kabla ya kujifunza ng'ombe. Vile ni vilima vya mchanga, eneo la kilomita za mraba zipatazo 50,000, na kinachovizuia visihamishwe na upepo ni nyasi za asili tu. Kwa hiyo ukiingia kitaluni, yaani kipande cha malisho kilichozungushiwa uzio, usiulize kama kuna majani. Uliza ni majani gani.

Anza na mawili. Andropogon hallii ni ndefu, ina rangi ya kijivu inayokaribia buluu, na ng'ombe huifuata kama watoto wanavyochokonoa nyama kwenye pilau. Calamovilfa longifolia ni ngumu zaidi, na mashina yake hutambaa chini kwa chini yakiufunga mchanga. Mimi hutazama kwanza ndani ya vichaka vya yuka, ambako majani makali humzuia ng'ombe kupenyeza mdomo. Andropogon ikiwa imestawi humo tu na chini ya waya wa uzio, kitalu hicho kimechoka, hata kama kote ni kijani. Kijani hicho mara nyingi ni Bouteloua hirsuta na Sporobolus cryptandrus, nyasi zinazovumilia kuliwa lakini hazijazi tumbo.

Wafugaji wa kule husema: kula nusu, acha nusu. Maana yake ni nusu ya uzito, si ya urefu, na uzito wa nyasi uko zaidi kuelekea chini. Kata shada usawa wa ardhi, lifunge uzi, ulilaze juu ya kidole kimoja mpaka litulie bila kuinama. Pale kidole kilipo ndipo pa kukadiria nusu. Ukishafanya hivyo mara chache, jicho linazoea.

Halafu zungusha majira. Nyasi hizi kubwa hukua kwa nguvu Juni na Julai, kwa hiyo kitalu kilicholishwa Juni mwaka huu kisilishwe tena Juni mwakani. Waliokulia Usukumani watasema hii ni ngitili, na hawako mbali na ukweli, maana wazo la kufunga malisho yakue ni lile lile. Tofauti ni kwamba kule hata majani makavu yaliyolala wakati wa baridi yana kazi: ukiyamaliza yote, upepo utakuta mchanga uko uchi.

Mchanga huanza kuchimbika kwenye mabirika ya maji, milangoni na kwenye njia za ng'ombe. Weka mawe ya chumvi mbali na maji, wala usiyaweke kileleni. Shimo likishafunguka, wengi hutandaza nyasi kavu zilizobaki na kulizungushia uzio. Ila kabla ya kuliziba, kagua vizuri. Penstemon haydenii, ua la buluu hafifu linaloishi kwenye mashimo kama hayo, liko kwenye orodha ya Marekani ya mimea iliyo hatarini tangu 1987. Ukiliona, mwambie mwenye ranchi kwanza.

Na piga picha kwenye nguzo ile ile ya uzio kila Agosti. Mabadiliko ya majani ni ya polepole mno kuyaamini kwa kumbukumbu.