Kuhusu McGwire na ile chupa

Ndugu, umeuliza kama McGwire, mchezaji wa Marekani, alivunja sheria za besiboli mwaka 1998 alipovusha mpira uzio mara 70, maana shemeji yako anamwita mwizi na mmewekeana soda. Muulize kwanza: sheria ipi? Agosti ile mwandishi mmoja aliona chupa ya androstenedioni (vidonge vya kuongeza homoni za kiume) kwenye kabati lake, wala haikufichwa. Olimpiki walishaipiga marufuku. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani, wakati ule bado. Steroidi zenyewe, dawa za kukuza misuli, ligi ilizikataza kwa waraka wa 1991, ila wachezaji wote walianza kupimwa 2003 tu (katazo bila kipimo, sijui walitegemea nini). Halafu 2010 McGwire mwenyewe akakiri kutumia steroidi. Kwenye chupa shemeji kakosea, kwenye steroidi kapatia. Mnunulie nusu soda.